Tundu la Sindano

Februari hii hata ukuta unatoka jasho.
Chumvi ndani ya kichupa imekuwa uji,
njiti ya kiberiti haishiki mpaka uikwangue mara tano,
na shuka ulilolianua saa tisa, jua kali,
linafika kitandani na unyevu wake.

Kiyoyozi cha chumba cha baba kikaanza kutema maji.
Kwanza tone, tukaweka bakuli.
Kisha matone, tukaweka ndoo.
Juzi kikakohoa, kikatoa harufu ya soksi mbichi,
kikanyamaza.

Baba alifanya kazi miaka ishirini na tisa
kwenye chumba cha barafu, kiwanda cha samaki.
Alikuwa akirudi Kunduchi na koti la sufu begani,
watoto wa mtaa wakimcheka.
"Baridi ni ya changu na kibua," akisema,
"mtu hahifadhiwi."
Leo ndiye anayenipigia simu kazini saa nne asubuhi:
"Mashine imekufa. Unataka na mimi nioze?"

Fundi wa mwaka jana alisema: "Gesi imekwisha, dada."
Elfu tisini.
Desemba akarudi yuleyule, kofia mpya:
"Gesi imekwisha, dada."
Elfu tisini na tano. Imepanda.
Nikalipa. Sikuuliza inakwenda wapi.
Sukari inaisha, mafuta yanaisha, mshahara unaisha,
nikadhani na gesi ni ya kuisha.

Huyu wa sasa anaitwa Kondo, kijana wa Mbweni,
amekuja na sponji na povu la sabuni ya vyombo.
Akapanda ngazi, akalipaka bomba la shaba
kama anayemnyoa mgonjwa ndevu.
Akasubiri.
Akasubiri mpaka nikaudhika.
"Njoo uone."

Kiputo kimoja.
Kinavimba, kinapasuka, kinavimba tena,
pale pale, kwenye tundu
ambalo uzi wa kushonea ungelikataa.

"Gesi si chakula, dada, haiishi. Inatoroka.
Hewa ya chumvi imeila hii shaba kidogo kidogo.
Mmekuwa mkinunua upepo."

Akaandika nyuma ya risiti ya LUKU, kwa kalamu yangu:
kuchomelea, sitini;
gesi, mia;
kapasita, thelathini na tano;
kuosha koili, ishirini.
Laki mbili na kumi na tano elfu.
Bei ya koili mpya aliitaja kwa mdomo tu,
kwa sauti ya chini, kama habari ya msiba.

"Na dhamana?"
Akatazama upande wa ufukweni.
"Ya mkono wangu, ndiyo. Ya bahari, hapana."

Nikapiga hesabu nimesimama:
ada ya Sabra, dawa za presha,
kikoba cha Jumamosi ambacho zamu yangu bado.
Baba akaita toka ndani,
"Achaneni nayo. Fungueni dirisha."

Dirisha lilipigiwa misumari ule mwaka wa wezi.
Kondo akang'oa minne, wa tano ukakatika na kutu,
kioo kikalia, kikafunguka.
Ikaingia pumzi ya moto
kutoka mgongo wa kiyoyozi cha jirani,
kinanguruma hatua mbili kutoka ukuta wetu.
Kwake wanapoa. Huku tunaiva.
Tukatazamana, watatu.
"Fungeni," akasema baba.

Nikatoa laki. Nyingine kikoba kikifika.
Kondo akakubali kwa kichwa,
akawasha moto wake wa buluu, akainamia shaba.

Sasa ni saa saba usiku.
Baba amejifunika mpaka kidevuni,
na juu ya blanketi amelitandaza lile koti la sufu.
Anakoroma kama mtu aliyeshinda kesi.
Mimi niko kizingitini, nasikiliza.
Mashine inavuma vizuri,
hakuna tone.

Ndoo sijaiondoa.